Piza nene: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikikuonea huruma. Unasema ulijaribu ile piza nene ya Chicago, juu ikaungua, chini ikabaki mbichi, na katikati ukakuta "uji wa nyanya". Halafu ukauliza: "Baba, kuna njia rahisi, au hii ni kazi ya wapishi wa hoteli?"

Njia ipo, na kwa mtu asiye na tanuri kali ni rahisi kuliko piza nyembamba. Ila picha uliyonitumia iliniambia kosa kabla sijamaliza kusoma. Umepaka sosi chini, ukafunika na jibini juu, kama piza ya kawaida.

Piza nyembamba ya mtindo wa Naples, kule Italia, huiva kwa sekunde 60 hadi 90 katika tanuri la kuni lenye joto la karibu nyuzi 480. Jibini inayeyuka tu, imeshatolewa. Hii ya kwetu inakaa motoni nusu saa na ushei kwa sababu imeshiba. Jibini ukiiacha juu muda wote huo inakuwa ngozi. Ndiyo maana mpangilio wake ni kinyume: jibini kwanza, juu ya unga wenyewe, kisha nyama au mboga, nyanya mwisho kabisa. Jibini ikiwa chini inajikinga na moto wa juu, na ikishayeyuka inauziba unga usinywe maji ya nyanya. Nyanya nazo, zikiwa wazi juu, zinatoa mvuke na kukolea zenyewe. Mtindo huu unahusishwa na mgahawa wa Pizzeria Uno, iliyofunguliwa na Ike Sewell na Ric Riccardo pale Chicago mwaka 1943, ingawa nani hasa alibuni pishi lenyewe wanabishania hadi leo. Waache wabishane, sisi tupike.

Chukua unga wa ngano wa kawaida gramu 250, hamira kavu kijiko cha chai kimoja, chumvi kijiko cha chai kimoja kisichojaa, na sukari nusu kijiko. Maji vuguvugu mililita 140, mafuta vijiko vikubwa vitatu. Ndiyo, vitatu, usibane. Mafuta ndiyo yanayoifanya piza hii iwe hivi ilivyo: yanazipaka chembe za unga zisishikane na kuvutana kama za mkate, ndiyo maana ukingo wake unavunjika mdomoni kama biskuti badala ya kunyumbulika. Kwa sababu hiyo hiyo usikande sana. Najua nimekufundisha kukanda mkate mpaka mkono uume, lakini hapa dakika mbili zinatosha, mradi usione tena unga mkavu kwenye bakuli. Donge litaonekana halijakaa sawa, lina mabonde mabonde. Liache hivyo hivyo. Lifunike liumuke saa moja na nusu hivi, au ukilikanda usiku liweke kwenye friji mpaka kesho yake. Mimi napenda la friji. Ladha yake imekolea zaidi, na kesho kazi inabaki nusu. Litoe saa moja kabla, maana likiwa la baridi halitandiki.

Wakati linaumuka, shughulikia maji. Hapa ndipo uji wako ulipotoka, na mimi mwenyewe nimepitia. Piza yangu ya kwanza ya namna hii niliijaza uyoga mbichi, nyanya za kopo na maji yake yote, na ile jibini laini ya mozarela inayouzwa ikiogelea kwenye maji. Nilipoikata, supu ikanitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Nililikoroga, nikalinywa, kwa kijiko. Mama yako alikaa kimya siku ile, lakini niliyaona mabega yake yakitikisika.

Basi fanya hivi. Nyanya nzima za kopo la gramu 400, zimimine kwenye chujio, uzipasue kwa vidole mojamoja, uziache zichuruzike dakika ishirini. Ule mchuzi unaoshuka usiutupe, kesho tia kwenye mchuzi mwingine. Nyanya zinazobaki zitie kitunguu saumu punje mbili zilizotwangwa, majani makavu ya kiungo cha oregano, chumvi na kijiko cha mafuta. Usizipike, zitapikika humo humo, na nusu saa ya oveni inazitosha. Ukizipika kwanza zinapoteza ule uchachu wa nyanya bichi, na juu ya jibini nyingi namna ile uchachu unahitajika.

Jibini tafuta mozarela ngumu kidogo, ile ya kipande inayokatika kwa kisu bila kutoa maji, gramu 250. Ikate vipande vyembamba, usiikwaruze. Vipande vinalala kama vigae, kimoja kikipanda mgongoni mwa mwenzake, pasibaki tundu. Uyoga, spinachi na vitunguu vikaange kwanza mpaka sufuria ikauke, na spinachi uikamue kwa mkono kama nguo. Nyama ya kusaga au soseji nayo iive kwanza, umwage mafuta yake. Wapo wanaoweka soseji mbichi ikaivia humo ndani, lakini kwa mtu anayejifunza sishauri, maana ni lazima uwe na uhakika kwamba moto umefika katikati. Vijazo visizidi viganja viwili, tafadhali. Najua mkono wako.

Chombo kiwe cha chuma, cha sentimeta 25 kwa upana na kina cha sentimeta 5 hivi: kikaango kizito cha chuma, au bati la keki. Bati jeusi linaushika moto vizuri kuliko linalong'aa. Cha kioo kinachelewa kupata moto, ndipo chini inapobaki mbichi. Kama ndicho ulichotumia, tayari una sababu ya pili. Paka mafuta ya kutosha chini na ubavuni. Weka donge katikati, ulisukume kwa ncha za vidole kuelekea nje. Litakurudia kama mpira. Usipigane nalo, nenda ukaoshe vyombo dakika kumi, ukirudi litakuwa limelainika. Kisha lipandishe ukutani sentimeta tatu au nne, ulibane na chuma kwa kidole gumba. Pale kwenye kona, chini inapokutana na ukuta, watu wengi huacha unga mnene. Pabonyeze pawe pembamba, la sivyo patabaki pabichi hata kwingine kote kukiiva.

Oveni iwe imewaka nusu saa nzima, nyuzi 220. Panga jibini, vijazo, nyanya, unyunyize jibini kavu ya parmesani juu kama unayo. Iweke kwenye rafu ya chini, si ya katikati. Moto wa chini ndio tunaoutaka. Dakika thelathini hadi thelathini na tano. Ukingo ukianza kuwa mweusi kabla ya wakati, ufunike kwa foili. Usiihukumu kwa rangi ya juu, juu kuna nyanya na nyanya haziungui mapema. Pitisha kisu ubavuni, uinyanyue kidogo uchungulie tumbo lake. Likiwa na rangi ya asali na halipindi, toa. Likiwa jeupe, irudishe dakika tano, hata mara mbili. Unaweza pia kuliweka bati juu ya jiko kwa moto mdogo dakika mbili ili kumalizia chini; kikaango cha chuma kinakubali kabisa, cha kioo kamwe usithubutu, kitapasuka.

Sasa sehemu utakayoniudhi. Ikitoka, iache dakika kumi bila kuigusa. Jibini iliyotoka motoni ni maji matupu, inahitaji muda ishikane. Ukiikata papo hapo itamwagika yote, uje uniambie tena ni uji. Ikikaa, inakatika vipande vinavyosimama vyenyewe, na ukingo unalia "kwach" chini ya kisu. Uma na kisu vinahitajika, hii si ya kushika mkononi huku unatembea.

Ulitaja pia ile yenye mfuniko wa unga juu, sosi ikiwa juu ya mfuniko. Hiyo ni ndugu yake mdogo, ilitokea Chicago miaka ya 1970. Ina unga mara mbili na kazi mara mbili, tutaizungumza ukishaiweza hii.

Kipande kikibaki, kesho kipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, umefunika, dakika sita au saba. Maikrowevu italainisha ule ukingo wote uliouhangaikia.

Ukirudia Jumamosi, nitumie picha. Ila safari hii usinipigie ya juu. Kinyanyue kipande kimoja, nipigie ya chini.

Baba yako