Mbuzi wamejaa kisiwani, na kuchinja mabeberu hakuwapunguzi

SWALI: Sisi ni ndugu watatu wa Nansio, Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Miaka sita iliyopita tulipeleka mbuzi 9 kwenye kisiwa kidogo cha mawe kisichokaliwa na watu. Sasa wamepita 70, wamegeuka wa porini, hawashikiki, na miti midogo wameimaliza. Kila Idi na Krismasi tunawinda mabeberu. Mwaka jana tulichinja 14, lakini wanazidi tu. Kuna mtu anatuuzia dawa ya unga ya kuchanganya na pumba, anasema inafunga uzazi. Tuitumie, au tuendelee kuwinda?

JIBU: Unga huo msinunue, nitaurudia. Kwanza hili la mabeberu, maana ndilo linalowaangusha wengi wenye wanyama visiwani, na linaumiza kwa sababu hesabu yake haihitaji shule.

Beberu mmoja huwatosha majike 25 hadi 30. Mkichinja 14 wakabaki wawili, hakuna jike atakayekosa mimba. Mlichofanya ni kuwaachia majike malisho ya wale 14. Jike aliyeshiba hupata joto mapema, huzaa pacha, na maziwa yake hukuza watoto ambao wangekufa kiangazi. Tuseme mna majike 30 waliokomaa. Mbuzi wa kienyeji hubeba mimba siku 150 hivi, na malisho yakiwepo huzaa mara tatu katika miaka miwili. Hiyo ni mizao 45 kwa mwaka, na kwa kuwa baadhi huzaa pacha, watoto wanafika 58 hivi. Theluthi wakifa, wanabaki 39, nusu yao majike. Ninyi mmetoa 14, wote madume. Mnashangaa nini wakizidi?

Kwa hiyo anayepaswa kutoka kwanza ni jike, hasa aliyekomaa, kisha mitamba. Beberu atoke mwisho. Najua beberu ndiye mwenye nyama nyingi na bei nzuri ya sikukuu, na najua kuchinja jike mwenye mimba kunawauma watu. Basi mkamateni akiwa hai, mumpeleke bara. Ila atoke.

Kwa kisiwa kidogo, mtego wa boma unashinda bunduki na mbwa. Risasi kwenye mawe kama yetu hudunda na kurudi kusikotarajiwa, na ikilia mara moja kundi zima limejifunza. Mbwa hutawanya kundi, huua vitoto na kuwasukuma wakubwa majabalini. Mbuzi anayetoroka mara mbili hashikiki tena kwa njia ileile, ndiyo maana kuwinda kidogo kidogo kila sikukuu ni kuwafundisha.

Bara watu hutega penye maji. Kisiwani maji yamezunguka pande zote, mtego huo haufanyi kazi. Tegeni kwa chumvi, kwa sababu maji ya ziwa hayana chumvi na mbuzi wa kisiwani wana kiu ya chumvi muda wote. Wekeni chumvi ya mawe na pumba kidogo. Maganda ya mihogo yawe yamekaushwa vizuri, mabichi ya muhogo mchungu yana sumu. Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi, Agosti na Septemba, majani yakiwa haba. Vuli ikishaanza wana chakula kila kona na hawatakuja.

Boma la mita 10 kwa 10 linatosha. Nguzo za mita 2.4, chini zifukiwe sentimita 60, ili ukuta ubaki na mita 1.8. Ndani pasiwe na jiwe wala kichuguu karibu na ukuta. Mbuzi akipata pa kukanyagia ameshatoka. Mlangoni tandazeni mikono miwili ya uzio, ya mita 40 hivi, ikifunguka kama mdomo wa kokoro, ule wavu wa kukokota. Kosa la kawaida la wavuvi ni kutumia nyavu chakavu tupu. Mbuzi anaona upande wa pili, anarusha kichwa, pembe zinanasa, anajinyonga. Funikeni nyavu kwa maturubai au magunia, aone ukuta. Na boma lisijengwe ufukweni. Mbuzi akishtuka hukimbilia juu, kwa hiyo lijengeni kwenye njia yao ya kupandia majabalini.

Mlango ukae wazi wiki mbili, waingie na kutoka. Msifunge siku ya kwanza kwa sababu mmeona wawili ndani. Subirini majike wengi wazoee, mfunge alfajiri. Waliobaki waswageni kwa watu 12 hadi 15 waliojipanga mstari, hatua kumi kati ya mtu na mtu, taratibu, bila kelele. Waliokamatwa wakae kivulini na maji kabla ya kupakiwa mtumbwini. Mbuzi wa porini akifungwa juani baada ya kukimbizwa hufa bila jeraha. Kibali cha kusafirisha mkichukue mapema kwa afisa mifugo, kwa sababu ya sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu.

Watabaki watano au sita waerevu. Hapo mwachieni jike mmoja aliyekamatwa, akiwa na kengele shingoni. Mbuzi hawezi kuishi peke yake, atawatafuta wenzake na kengele itawaambia walipo. Njia hiyo, kwa kola za redio badala ya kengele, ilitumika visiwa vya Galapagos, nchini Ecuador. Kwenye kisiwa cha Santiago waliondolewa mbuzi zaidi ya 79,000.

Kama kisiwani mna pongo au nzohe, wale swala wa porini, hao si wenu. Msiwaguse bila kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimjali mwenye mtumbwi.

Sasa unga. Hata kama ungekuwa dawa kweli, anayekula pumba nyingi ni beberu mwenye nguvu, na majike mnaotaka kuwazuia hupata makombo. Kipimo hakuna. Na muuzaji asiyetaja kilichomo huenda amewauzia sumu ya wadudu: mbuzi hufa, tai na mbwa wakiwala nao hufa, nyama inafika mnadani, na mvua ya kwanza inaishusha ziwani tunakochota maji ya kunywa. Watu wa namna hii wanazunguka mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, na kila mwenye mifugo kisiwani atakutana nao.

Wengine watawaambia muache njaa ipunguze. Mwaka 1944 Wamarekani waliachia rendia 29, kulungu wa nchi za baridi, kwenye kisiwa cha St. Matthew, huko Alaska. Kufikia 1963 walikuwa 6,000 hivi. Baridi ya mwaka huo na uliofuata ikawafagia, na 1966 walihesabiwa 42 tu. Malisho yalikuwa yamekwisha kabla yao. Kisiwani Georgia Kusini, kusini mwa Atlantiki, hawakungoja hivyo: mwaka 2013 na 2014 rendia walioletwa na wavua nyangumi wa Norway waliswagwa na kupigwa risasi, majike na ndama pia.

Na wewe mwingine unayesoma hapa ukiwa na mbuzi wako mkononi, unatafuta kisiwa cha bure: peleka madume waliohasiwa tu, kwa koleo la kuhasi, wakiwa na miezi mitatu hadi sita. Wanenepeshe, watoe wote kabla ya kiangazi kukolea. Hata jike mmoja asipande mtumbwi huo.