Kuchekesha Matangani Bila Kufukuzwa

Mimi ni emsii. Jumamosi asubuhi naweza kuwa mazishini Ahero na jioni harusini Kisumu mjini, suti ile ile. Vijana wanaoianza kazi hii huniuliza: mbele ya jeneza, mzaha unaanzia wapi?

Unaanzia kwako. Mtazameni Charlie Chaplin, mchekeshaji wa filamu, yule wa kofia na kifimbo. Alizaliwa mwaka 1889, akakulia London katika ufukara. Mamake aliugua akili na watoto wakaishia kwenye makao ya maskini. Alipoanza kutengeneza filamu hakuificha njaa ile. Katika moja ya mwaka 1925 anachemsha kiatu chake, anakikata kwa kisu na uma kwa adabu zote, anakunja kamba zake kwenye uma kama tambi, kisha ananyonya misumari. Anayekula kiatu chake hamkosei mtu. Angemcheka mwenye njaa mwingine, ingekuwa ufidhuli.

Wajaluo wanalijua hili kupitia pakruok, majigambo ya hadharani. Mtu anatoa noti, muziki unasimama, anajisifu: “Mimi yule ambaye benki ikimwona inafunga mapema!” Hata mjane aliyeshika tama anatabasamu, kwa kuwa anayechekwa ni msemaji mwenyewe.

Kuhusu marehemu, fika mkesha wa mazishi, uketi na akina mama wanaopika. Uliza mzee alikuwa na neno gani la kuudhi watu kila siku. Kile kitakachowachekesha wakimenya viazi ndicho utakachosema kesho, lakini kwanza mwombe ruhusa mjane au mwana wa kwanza. Madeni, ugonjwa uliomuua na wake wenza usiviguse, hata ukipewa chai mara mbili. Na umalize kabla ya mahubiri. Mchungaji hapendi kupokea umati unaocheka.

Kwa mapenzi sina mengi. Chaplin alimwoa Oona O'Neill mwaka 1943, bwana ana miaka 54, bibi 18. Hesabu hiyo simshauri mtu, ingawa walipata watoto wanane na kifo ndicho kilichowatenganisha. Harusini mimi huwatania wakwe wa kiume tu. Mama mkwe namwita “mama”, nasonga mbele.

Chaplin alifariki siku ya Krismasi mwaka 1977, akazikwa Uswisi. Machi iliyofuata wezi walifukua jeneza, wakadai fidia. Oona akakataa kulipa. Wezi walikamatwa, jeneza likapatikana limefukiwa kwenye shamba la mahindi, na safari hii kaburi likamwagiwa zege. Hebu fikiria kamati ya mazishi ya kwetu ikiambiwa michango ianze upya! Kisa hiki nakisimulia kwenye vikao vya kamati pekee, tena baada ya mweka hazina kusoma hesabu.