Wasomaji Wanauliza: Gabbar Alikufa au Alikamatwa?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Sisi ni vijana tisa wa Kirumba, hapa Mwanza, na kila Jumapili jioni tunakutana kuulizana maswali ya filamu. Anayeshika mkia huwanunulia wenzake sato wa kuchoma. Jumapili iliyopita niliulizwa hivi kuhusu ile filamu ya Kihindi na jambazi wake: "Mwishoni mwa Sholay, Gabbar Singh anauawa na nani?" Nikajibu kwamba hauawi, bali anakamatwa na polisi. Muulizaji akashikilia kwamba Thakur ndiye aliyemuua, na kwamba ameliona hilo kwa macho yake mwenyewe. Samaki nimelipa, lakini moyo haujakubali. Ni nani kati yetu aliyesema kweli? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Marahaba. Nyote wawili mmesema kweli, na kwa maoni yangu samaki yule hukustahili kumlipa.

Sholay, filamu ya Ramesh Sippy, ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, chini ya miezi miwili baada ya serikali ya India kutangaza hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi wa filamu haikuwa tayari kuona mtu aliyewahi kuwa ofisa wa polisi akijichukulia sheria mkononi. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur, ofisa huyo wa zamani ambaye Gabbar alimkata mikono yote miwili, anamkanyaga adui yake kwa viatu vyenye misumari mpaka anamuua. Bodi ilipoukataa, ikabidi mwisho upigwe upya, na katika huo wa pili polisi wanatokea wakati Gabbar yuko chini, wanamsihi Thakur aiachie sheria ifanye kazi yake, kisha wanamchukua mtu wao. Huu wa pili ndio uliooneshwa kwenye majumba ya sinema. Ule wa awali ulikuja kutoka miaka mingi baadaye kwenye kanda za video. Jibu sahihi, basi, linategemea kanda iliyotiwa kwenye deki siku ile kila mmoja wenu alipoitazama.

Nalifahamu vizuri tatizo hilo kwa sababu limenipata. Sholay niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza kimoja pale Mabatini, tumebanana kwenye mabenchi, huku mfasiri akizungumza juu ya sauti za waigizaji. Tulipokaribia mwisho, mistari meupe ikaanza kupanda kwenye skrini. Mwenye banda akautoa mkanda, akafuta kichwa cha deki kwa pamba yenye spiriti, na alipourudisha, Gabbar alikuwa tayari amelala vumbini. Mfasiri akatangaza kwamba adui amekwisha, nasi tukashangilia. Niliishi miaka mingi nikiamini hivyo, na ningeweza kumlipisha mtu samaki kwa imani ile.

Kwa hiyo lawama naiweka kwenye swali lenyewe. Anayeuliza "anauawa na nani" amekwisha kuamua kwamba Gabbar anauawa, na anayejibu amefungiwa njia kabla hajafungua mdomo. Swali la haki ni lile ambalo jibu lake halibadiliki katika toleo lolote, au ambalo muulizaji anataja kwanza toleo analolizungumzia. Sholay hiyo hiyo inalo swali zuri zaidi kuliko lile mliloulizana. Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, hurusha sarafu kila anapokuwa na uamuzi mgumu mbele ya rafiki yake Veeru, aliyeigizwa na Dharmendra, na sarafu huangukia upande alioutaka Jai. Muulizeni mwenzenu ni kwa nini. Atakayejibu lazima awe ameitazama filamu hadi pale Jai anapokufa na Veeru anapoiokota sarafu, akaigeuza, akakuta pande zote mbili ni kichwa. Na wale wanaoapa kwamba steringi hafi watapata la kufikiri hapo.

SWALI: Mhariri, mwanangu wa darasa la sita alipewa alama kwenye shindano la watoto hapa Igoma kwa kujibu kwamba wimbo unaofungua The Lion King umeimbwa kwa Kiswahili. Mimi sisikii neno hata moja la Kiswahili pale. Je, nimekosea? (Mama wa watoto watatu, Igoma)

JIBU: Hujakosea, mama. Kiitikio kinachofungua filamu hiyo ya mwaka 1994 ni cha Kizulu, na sauti inayosikika ni ya Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini. Kiswahili kimo kwenye majina kama Simba, Rafiki na Shenzi, kimo kwenye "hakuna matata", na kimo kwa yule ngiri, Pumbaa, ambaye jina lake ni kitenzi tunachokitumia kila siku. Mufasa asiingizwe kwenye orodha hiyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nansio, Ukerewe. Wajukuu zangu wanajua kila kitu kuhusu Hollywood na Bombay, lakini sijawahi kuwasikia wakiulizana swali hata moja linalohusu ziwa hili. Je, maswali hayo hayapo?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Yapo, na baadhi yake ni magumu kuliko hayo wanayoulizana.

Waanze na The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951 iliyompa Humphrey Bogart tuzo yake pekee ya Oscar. Kisa chake kimewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ndani yake kuna meli ya kivita ya Kijerumani inayoitwa Louisa. Mjukuu anayejiamini atakwambia kwamba Louisa ilitokana na Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo leo ni MV Liemba, na hilo ni kweli. Muulize tena: ni meli gani iliyopigwa picha ikawa Louisa? Hiyo ilikuwa Buganda, tagi ya mvuke iliyokuwa ikifanya kazi katika Ziwa Victoria chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki.

Ipo pia Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, iliyotengenezwa na Hubert Sauper wa Austria hapa hapa Mwanza, kuhusu biashara ya sangara na ndege za mizigo zinazombeba kwenda Ulaya. Iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu za maisha halisi mwaka 2006, ikashindwa na filamu ya Kifaransa kuhusu pengwini. Hapa nawaomba wajukuu wawe waangalifu. Yanayodokezwa humo, kwamba ndege hizo huleta silaha Afrika, yalipingwa vikali, na Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, aliikosoa filamu hiyo hadharani, kwa hiyo jambo hilo linafaa mazungumzo marefu na wala si swali la alama moja.

La mwisho ni la kuwatega wanaojibu kwa pupa. Lupita Nyong'o, ambaye ukoo wake ni wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kisumu, alipata Oscar mwaka 2014. Waulize alizaliwa mji gani. Watataja Kisumu, kisha Nairobi, na pengine watarudi tena Kisumu. Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wakati baba yake akifundisha huko.