Kabla ya nembo, kaeni getini na daftari

Mkuu, umeuliza uanzie wapi: usharika wenu huku mlimani Moshi umemaliza kukarabati kanisa la zamani, wageni wameanza kupanda, na kamati imekukabidhi nembo, mabango na vipeperushi kwa fedha kidogo. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka miwili katika usharika mwingine wa Kilutheri mkoani hapa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Nembo iacheni kwanza. Sisi tulianza nayo, wiki sita zikaishia kwenye mabishano ya rangi. Kazi ilianza kweli siku tuliyokaa getini Jumamosi nzima tukiandika kila swali la mgeni. Choo kiko wapi? Naruhusiwa kuingia na kaptula? Picha je? Ibada saa ngapi? Nani alilijenga? Majibu ya maswali hayo ndiyo yakawa mabango yetu.

Swali la saa msilidharau. Bango letu la kwanza liliandika saa 1 na saa 4 kwa lugha zote. Mtu na mkewe kutoka Ujerumani wakapanda mlima wote kuwahi ibada ya pili, wakafika saa kumi jioni, kwa sababu kwao 4 ni hiyo. Walimkuta mlinzi peke yake. Niliumia. Tangu hapo Kiswahili kinasema "saa 4 asubuhi", Kiingereza na Kijerumani "10:00".

Sasa bango la historia, ambalo ndilo moyo wa kazi yote. Rasimu ya kwanza iliandikwa mjini, ikaanza: "Kanisa lililojengwa na Wajerumani." Tulipoisoma mbele ya baraza, mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Na mawe yalipanda yenyewe kutoka mtoni?" Baba yake aliyabeba. Ni kweli wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893 na kazi yao ikaenea mlimani, lakini waliochonga mawe, waliopasua mbao na kina mama waliobeba mchanga kichwani ni watu wa hapa. Tukapita nyumba kwa nyumba kukusanya majina, tukaanza nayo bango. Njoo Desemba uone: watu waliorudi nyumbani kutoka Dar wanasimama pale na watoto wao, kidole kikitafuta jina la babu. Kwangu mimi huyo ndiye mgeni wa kwanza wa kanisa lenu, mtalii anafuata. Mkiandika kwa ajili ya mjukuu, mtalii naye atapata kitu cha kweli.

Na msifiche yanayouma. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa huko na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, miaka ileile ambayo misheni zilikuwa zinaota mizizi. Upande wa Meru, wamisionari Ovir na Segebrock waliuawa Akeri mwaka 1896, kisha jeshi la Wajerumani likawaadhibu Wameru na Waarusha vikali. Maandishi yanayotaja vifo vya wale wawili yakawaacha hao wengine yanasimulia nusu. Mchungaji wetu aliogopa kwamba watu wangegombana. Walichofanya ni kukaa chini ya mti na kuulizana hadi jioni.

Vifaa nitavipitia haraka. Flexi, yaani bango la plastiki la kuchapishwa, inapauka kwa jua letu, tumieni mbao ngumu au bati lililopakwa rangi vizuri, juu ya nguzo zake. Ukuta msiutoboe. Kama ukarabati ulitumia chokaa, tundu lililozibwa kwa saruji linashika unyevu na plasta inaanza kubanduka pembeni yake. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Lenu ni changa kuliko hapo, kwa hiyo lisipotangazwa rasmi, mlinzi wake ni ninyi.

Kiingilio nilikipinga na bado nakipinga. Hii ni nyumba ya sala. Wekeni sanduku la sadaka ya matengenezo, na kiasi kilichopatikana kisomwe kwenye matangazo ya Jumapili ili kila mtu ajue. Picha ziruhusiwe nje ya ibada, na za watoto kwa ruhusa ya wazazi. Halafu waelezeni wageni kuhusu mnada wa sadaka za mazao baada ya ibada! Wengi hukaa pembeni wakidhani hauwahusu. Kibao kidogo tu, "Mgeni, karibu utaje bei", kilimfanya mama mmoja wa Kiholanzi aondoke na mkungu wa ndizi, akaugawa kwa watoto pale pale.

Nembo yetu mwishoni ilitoka kwenye umbo la dirisha la mnara, rangi moja, inayosomeka hata kwenye mhuri. Jina tuliloweka ni lile wanalolitumia waumini wenyewe, si lile la kwenye ramani za waongoza watalii.

Ukishamaliza siku yenu ya getini, weka maswali mliyopata hapa kwenye uzi huu. Nitakusaidia kuandika bango la kwanza.