Kinachomeng'enya kitajengaje?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nafundisha kemia sekondari, na ninaandika makala ya ukutani kuhusu Emil Fischer, yule mkemia Mjerumani wa sukari. Mahali fulani nimesema vimeng'enya, yaani enzaimu, huweza pia kuunganisha sukari. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Kinachomeng'enya kitajengaje?" Nikabaki nimeduwaa. Je, nirudi kwenye "enzaimu"? Halafu, ule mfano maarufu wa Fischer wa ufunguo, ni ufunguo wa kufuli au wa kitasa? Na "wanga" unatosha badala ya "kabohaidreti"?

JIBU: Marahaba. Mwanafunzi huyo mnunulie soda, maana amelisikiliza neno hadi kwenye mzizi. Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu vipande vidogovidogo, na aliyeunda neno hili alikuwa anafikiria tumbo na chakula. Ukitaka kukiona kimeng'enya kazini, nenda jikoni kwa mpika togwa. Uji wake mzito, ukishapoa kiasi, anautia kimea cha ulezi, anakoroga, anafunika. Akifunua baadaye, uji umekuwa mwepesi na umeingia utamu ambao hakuna aliyeutia. Vimeng'enya vya kimea vimeukata wanga ukawa sukari. Hapo jina na kazi vinalingana kabisa.

Lakini jina la kitu hutokana na kazi iliyoonekana kwanza, na kitu hakifungwi na jina lake. Kipimajoto kinapima baridi ya friji kila siku na hatujasikia malalamiko. Kifungua mimba ana miaka sitini na bado anaitwa hivyo hivyo. Muundo ni uleule: ki- na kitenzi chake. Kwa hiyo "kimeng'enya kinaunganisha sukari" ni Kiswahili safi, hata kama sikio linashtuka mara ya kwanza. "Enzaimu" si kosa, ila usidhani unalikimbia tatizo. Wilhelm Kühne aliyeliunda neno hilo katika miaka ya 1870 alilitoa kwenye Kigiriki, likiwa na maana ya "ndani ya chachu", na vimeng'enya vya mate yetu havijawahi kuishi ndani ya chachu.

Ushahidi wa kemia nao upo, umwonyeshe. Mwaka 1898 Arthur Croft Hill alitumia kimeng'enya cha hamira ambacho kwa kawaida huikata maltosi, sukari ya vipande viwili, kuwa glukosi, sukari ya kipande kimoja. Yeye akakiweka ndani ya glukosi nzito sana, na baadhi ya glukosi ikaanza kuungana, mbilimbili. Kimeng'enya ni kichocheo, na kichocheo huharakisha safari bila kuchagua upande wa kwenda. Baadaye Luis Leloir wa Argentina alionyesha jinsi mwili unavyoitwika glukosi juu ya molekuli nyingine inayoibeba hadi inapounganishwa, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1970.

Kuhusu Fischer mwenyewe, angalia usichanganye. Glukosi aliyoiunda mwaka 1890 aliijenga kwa kemikali za maabara, hatua kwa hatua, bila msaada wa kimeng'enya. Vimeng'enya alivitumia kupima. Mwaka 1894 alichukua viambata viwili vya glukosi vilivyofanana kwa kila kitu isipokuwa namna kifungo kimoja cha kemikali kilivyoelekea. Kimeng'enya cha hamira kikakikata kimoja na kukiacha cha pili; kile cha lozi chungu kikafanya kinyume chake. Ndipo akaleta mfano wa ufunguo: kimeng'enya na kile kinachokatwa lazima vipatane kama kufuli na ufunguo wake.

Neno lake la Kijerumani, Schloss, linabeba kufuli na kitasa vyote viwili, kwa hiyo hutakosea ukichagua lolote. Mimi ningeandika "kufuli", kwa kuwa linajulikana kila mahali. Ninalokuomba zaidi ni kuchunga kitenzi. Nimeona wanaoandika kwamba ufunguo "unafiti", na wengine "unatoshea", kana kwamba ni kiatu. Mlangoni tunasema nini? "Ufunguo huu haukubali." Basi andika kwamba kimeng'enya kinaikubali sukari hii na kuikataa ile, msomaji ataisikia hata ile kwaruza ya chuma. Na kumbuka kufuli ni kimeng'enya, ufunguo ni sukari. Wengi hugeuza.

"Wanga" nalo lina maana mbili, ukiacha wale wa usiku wanaotembelea nyumba za watu. Sokoni na kliniki, vyakula vya wanga ni ugali, wali, muhogo. Kwa mkemia, wanga ni aina moja tu katika ukoo mkubwa wenye glukosi, sukari ya miwa, hata nyuzi za pamba. Ukoo mzima uite kabohaidreti, la sivyo utamfanya Fischer aonekane mpika uji.

Jambo la mwisho hukuliuliza, ila nimeliona kwenye rasimu uliyoambatanisha. "Usanisi", yaani kuunda kitu kwa njia ya kemia, umeliandika vizuri mara tano. Mara ya sita herufi moja imedondoka, na Fischer, mshindi wa Nobel ya mwaka 1902, amebaki akisifiwa kwa usanii wa sukari.