Mteja Akiuliza Bei, Mpe Bei

Juzi mdada mmoja wa Singida anayeuza mafuta ya alizeti aliniandikia: "Dada, nimesponsa tangazo kwa elfu hamsini. Laiki zimejaa, ila hakuna aliyenunua. Au hii mitandao ni ya watu wa Dar tu?" Nimemwomba ruhusa nimjibu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Si ya watu wa Dar tu, mdogo wangu. Mimi nashona na kuuza mapazia hapa Dodoma, Majengo, na wateja wangu wengi wananipata kwenye simu kabla hawajaliona duka. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, watumishi walianza kuja na mabegi, wakapanga nyumba Kisasa, Ilazo na Area D, nyumba zina madirisha makubwa na hayana kitu. Nilikuwa na cherehani moja barazani kwa mama. Leo nina mafundi wanaokula kupitia kazi hii, na nimejenga. Nasema haya kwa fahari, kwa sababu wapo walioniambia mapazia hayauziki kwa picha.

Basi nikaingia kwenye ukurasa wake. Picha nzuri kabisa: dumu la lita 20 limewekwa juani, mafuta yanang'aa rangi ya dhahabu. Chini ameandika: "Mafuta safi ya alizeti, tunakamua wenyewe. Bei njoo inboksi." Nikashuka kwenye komenti. "Bei?" "Bei gani?" "Bei jamani." Kuna mmoja kauliza, "Mnatuma Dodoma?" Wale wa bei wamejibiwa kesho yake mchana, wote kwa neno moja: "Inboksi." Wa Dodoma hakujibiwa kabisa.

Tangazo lake lilifanya kazi. Watu walikuja mpaka mlangoni na pesa mkononi, wakakuta mlango umefungwa. Mtu anayeuliza bei ya mafuta saa mbili usiku yuko jikoni, chupa imeisha. Kesho mchana unapomjibu ameshanunua kwa mangi wa mtaani, na hana tena sababu ya kukutafuta.

Najua kwa nini tunaficha bei. Tunaogopa jirani ataiona ashushe. Jirani yako anaijua bei yako, alishamtuma mtoto kuiulizia. Anayefichwa ni mteja peke yake, na mteja akifichwa bei anaamini ni kubwa kuliko uwezo wake. Sisi watu wa huku tuna aibu hiyo, hatupendi kuuliza halafu tukashindwa kununua. Ananyamaza, anapita.

Mimi naandika kila kitu. Chini ya picha naweka bei ya kitambaa kwa mita, halafu nampigia hesabu: dirisha la upana wa mita 1.5 linakula kitambaa cha mita 3, maana pazia bila mikunjo halipendezi. Ongeza kushona, ringi na bomba, jumla hii hapa. Nilipoanza hivyo simu za maswali zilipungua, na wanaopiga sasa wanapiga wakiwa wameshapima madirisha yao. Wewe andika bei ya lita moja, ya lita tano na ya dumu zima. Bei ikibadilika, badilisha maandishi. Mafuta yanapanda na kushuka na msimu, kila mtu anajua, hakuna atakayekulaumu.

La pili, tangazo lako umelielekeza Tanzania nzima. Laiki za Mwanza na Mtwara zinafurahisha macho, lakini nani atasafirisha dumu moja mpaka Mtwara? Chagua Singida yenyewe, Manyoni na Dodoma, ambako basi la asubuhi linafikisha mzigo siku hiyohiyo. Halafu sema gharama ya kutuma. Mteja wa Dodoma anataka kujua dumu likifika stendi ya Nzuguni litakuwa limemgharimu shilingi ngapi, basi. Na uangalie majira ya mji unaouzia. Huku Bunge la bajeti likianza Aprili mji unajaa mpaka mwisho wa Juni, wenye migahawa wanatafuta mafuta ya jumla. Hao ndio wa kuwafuata.

Nimeona pia unategemea sana stetasi ya WhatsApp. Ni nzuri, naitumia kila siku, ila hakikisha mteja amesevu namba yako na wewe umesevu yake, la sivyo haioni. Kila anayenunua kwangu namwambia palepale dukani, "Nisevu, andika Mapazia Majengo," na ninasubiri aandike.

Halafu futa zile picha za miamala ulizobandika kama ushahidi kwamba unauza. Zina majina ya wateja na namba zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mtu aliyenunua mafuta hajakuruhusu umtangaze. Omba picha ya chakula alichopikia, atakupa kwa moyo mweupe.

Umeniuliza pia kama umlipe kijana akuendeshee ukurasa. Hapa ndipo ninapoumia mpaka leo. Ukurasa wangu wa kwanza ulifunguliwa na mtu aliyejiita mtaalamu wa mitandao, kwa namba yake na barua pepe yake. Tulipotofautiana juu ya malipo alibadilisha paswedi, akabadilisha na jina. Picha zote za kazi zangu, nyumba za watu walioniamini wakanifungulia sebule zao, zikawa zinatangaza duka jingine. Wateja walikuwa wakilipa huko wakidhani wananilipa mimi, halafu wanakuja kunidai. Niliwashonea baadhi yao bila malipo kwa sababu sikuweza kuwatazama usoni. Nasikia watu wakisema nisamehe nisahau. Nimesamehe. Kusahau sitasahau, na sitaki yakukute.

Kwa hiyo mlipe kijana, wapo wazuri na wanastahili kula jasho lao. Lakini akaunti ifunguliwe kwa namba yako, laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Yeye mpe nafasi ya kuchapisha na kujibu, nafasi ambayo unaweza kuiondoa mwenyewe. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani anayeingia anaombwa paswedi na pia namba inayotumwa kwenye simu yako, na namba hiyo ikija kwa ujumbe usimtajie mtu, hata akikupigia kwa sauti ya haraka. Usiku huu kabla hujalala, ingia kwenye mipangilio uangalie namba na barua pepe zilizosajiliwa ni za nani. Kama si zako, zibadilishe sasa hivi wakati mnaelewana.