Barua kwa mwanangu: mkono wa Shankar Tripathi

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama Shankar Tripathi, yule baba wa Allahabad kwenye filamu ya Kihindi Shubh Mangal Zyada Saavdhan, mwishoni anamkubali kweli mwanawe Aman anayempenda mwanamume mwenzake, Kartik, au amechoka tu kupigana. Siku ya tatu hii nalizungusha swali lako kichwani, na kila nikitaka kulijibu najikuta nimerudi kwenye treni.

Pale pananichoma hadi leo. Ukoo mzima umepanda kwenda harusini. Aman na Kartik wanadhani wamepata kona yao, wanabusiana, na baba anawaona. Hakuletewa umbeya, hakufuma barua. Ameona kwa macho yake, basi hana hata pa kukanushia. Ukumbi unacheka, nami nacheka, lakini uso wa Gajraj Rao, anayemwigiza Shankar, unaniumiza: ni uso wa mtu aliyempoteza mwanawe ilhali mwanawe yuko mbele yake.

Unajua ninavyosema siku zote: mzazi usimsikilize mdomo, mtazame mkono. Mkono wa Shankar unashika fimbo na kumpiga Kartik. Sasa kumbuka Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, ambayo nyumbani kwetu kila mtu anaijua kwa moyo. Amrish Puri, anayeigiza baba, ameung'ang'ania mkono wa bintiye anayetaka kumfuata mpenzi wake stesheni, treni inaondoka, kisha anauachia. Hapo ndipo amekubali. Filamu hii ya 2020 inaikumbuka ile, ndiyo maana treni zake si za bure.

Na waigizaji je! Mwaka 2018, kwenye Badhaai Ho, Gajraj Rao na Neena Gupta walikuwa mume na mke waliopata mimba uzeeni, na mtoto wao mkubwa, Ayushmann Khurrana, akaona haya kwa mapenzi ya wazazi wake. Miaka miwili baadaye wazazi ni wale wale, ila sasa wao ndio wanaoona haya, na Ayushmann ndiye Kartik, mpenzi wa mtoto wao. Aliyeiona ya kwanza huiona ya pili kwa jicho jingine kabisa.

Halafu koliflawa nyeusi. Shankar ni mwanasayansi wa kilimo; ameizalisha mwenyewe, wakulima wanaikataa, naye anaitetea kwa nguvu zote. Kitu kigeni cha maabara anakipigania, mtoto wa damu yake anataka kumtengeneza upya, hadi familia inamfanyia Aman ibada ya kufa na kuzaliwa mara ya pili. Mwandishi na mwongozaji, Hitesh Kewalya, hakuiweka mboga ile kwa bahati.

Lakini ngoja, huenda namwonea. Hofu ya Shankar ilikuwa na sheria nyuma yake. Kifungu cha 377 cha sheria ya India, kilichofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai, kiliandikwa na Waingereza mwaka 1860, na vifungu ndugu zake vimo bado katika sheria zetu, Kenya na Tanzania. Mahakama Kuu ya Delhi ilikilegeza 2009, Mahakama ya Juu ikakirudisha 2013, hadi majaji watano walipokitengua kwa watu wazima walioridhiana, tarehe 6 Septemba 2018. Filamu inaiingiza hukumu hiyo mwishoni, na hapo ndipo ninapogombana nayo: je, baba alibadilika, au mahakama ilibadilika akakosa pa kusimama? Sheria ikifika mapema mno, moyo hauna muda wa kufanya kazi yake.

Hata hivyo anamwachia Aman aende akaishi maisha yake, ingawa hajamwelewa. Hajamwelewa! Mimi nalipenda hilo kuliko kama angehubiri. Mkono umefunguka kabla ya akili. Ungenibana zaidi ningesema... hapana, nisiseme, nawe una macho yako. Itazame tena, na pale Aman anapoeleza mapenzi yake kwa lugha ya homoni, mwache Aman aongee, wewe mtazame Neena Gupta, mama yake.

Mama yako